Siku Mama Alipomwendea Memsabu

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nikitembea na mjukuu wangu kando ya Waiyaki Way, hapa Kangemi, tukirudi kutoka kanisani, tukakuta vijana wanne wenye mapanga wakifyeka mahindi. Ni yale mahindi ambayo watu hupanda kati ya barabara na mtaro, wakijua si pahali pao, lakini wakitumaini yatakomaa kabla hayajaonekana. Haya hayakuwahi. Yalikuwa yamefika kifuani, nywele zake ndiyo kwanza zinatoka. Mwanamke wa makamo alisimama kando, mikono ameikunja, anatazama. Hakulia wala hakutukana. Kijana mmoja alimwambia, "Mathe, pole, sisi tumetumwa tu," naye akamjibu kwa upole kabisa, "Hakuna shida, kijana wangu. Fanya kazi yako."

Upole ule ulinishtua kuliko kelele. Kisha harufu ikanifikia. Harufu ya bua bichi la mahindi si kama ya nyasi. Ina utamu ndani yake, kama maziwa, na ukali juu yake, na ukiivuta inakaa kooni. Nilishika mkono wa mjukuu wangu.

"Shosh, uko sawa? Umechoka?"

"Sijachoka. Hebu tukae kidogo hapa."

Tukakaa juu ya jiwe. Sikumwambia kitu, maana ni kijana na angeniuliza mambo ya mahindi, nami nilikuwa nikifikiria mambo ya kinyongo. Ninyi mlio rika langu ndio ninaowaandikia. Mnajua kwamba mtu anaweza kusali miaka sitini na bado akawa na kitu kimekaa moyoni kama kokoto kwenye kiatu. Mimi nimekaa kanisani tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, na yote ninayojua kuhusu kinyongo nilijifunza mwaka ule mmoja, kutoka kwa mama huyohuyo.

Tulikuwa tukikaa Karen, nyuma ya nyumba ya Wazungu. Baba yangu, Zablon, alikuwa mpishi wao. Mama yangu, Roda, alikuwa akifua na kupiga pasi. Kwetu ni magharibi, upande wa Maragoli, na ndugu zangu wakubwa walikuwa wamebaki huko wakisoma. Mimi, kitinda mimba, nilikaa na wazazi wangu katika chumba kimoja cha mawe kilichopakwa chokaa, mlango wake ukitazama mgongo wa jiko la nyumba kubwa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwakamata wote walioshukiwa kuasi. Mtunza bustani wa pale, mzee wa Kikuyu aliyeniokotea manyoya ya kanga na kunipa, alichukuliwa asubuhi moja na lori, mikono yake juu ya kichwa, kofia yake ikabaki imening'inia kwenye mpini wa jembe. Hakuna aliyeigusa kofia ile mpaka mvua ikaiangusha. Tangu siku hiyo, jua likianza kuinama, Baba alipaswa kutoka jikoni, na mlango ukakomelewa kutoka ndani. Memsabu, bibi Mzungu wa nyumba ile, alijipakulia mwenyewe chakula cha jioni, nacho kimeshapoa. Alikuwa mwanamke mwembamba, si mzee, na mkoba wake mdogo wa ngozi haukumtoka mkononi hata alipokwenda kuchuma maua. Sote tulijua kilichokuwamo. Kilikuwa kinauvuta mkoba ule upande mmoja.

Mwaka huo nyanya yangu, mama yake Mama, alifariki. Mama alikwenda nyumbani kumzika, akarudi na mahindi matatu yaliyofungwa pamoja kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Kwetu mbegu haiwekwi ghalani. Hutundikwa juu ya meko ili moshi uifukize, mdudu asiiguse, na hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mama aliyapangusa masizi kwa kidole, nikaona punje: nyekundu, nyeusi, nyeupe, zimechanganyika kama shanga. Lakini chumba chetu hakikuwa na meko ya kuni. Tulikuwa na jiko la makaa tu, na haukupita mwezi Mama akaona unga mweupe unadondoka kutoka kwenye punje. Mdudu alikuwa ameingia.

"Mbegu isipokaa kwenye moshi, basi ikae kwenye udongo," akasema. Akaomba ruhusa kwa Memsabu, akaitikiwa kwa kichwa, akapanda zote. Hakubakiza hata punje moja. Baba alimwambia abakize kidogo, naye akacheka. "Nibakize ya kumlisha mdudu?"

Mahindi yale yalitoka vizuri ajabu. Yalijaza uwanja kati ya chumba chetu na kamba ya kuanikia nguo, yakapanda mpaka yakaficha mlango wetu. Mama akiyapalilia alikuwa akiimba. Alikuwa na sauti nene, ya chini, na ndugu wa ushirika walipenda aanzishe yeye nyimbo.

Sasa niseme kosa langu, kwa maana kwa wiki kadhaa tulilijua watu wawili tu, mimi na mtu mmoja mwingine.

Baba alikuwa akitoka jikoni saa nane mchana kuja kupumzika. Mimi nilizoea kujificha ndani ya mahindi, na akipita namrukia kiunoni nikipiga kelele. Naye kila siku alijifanya ameshtuka, akashika moyo wake, akasema, "Ai, chui wa Karen! Leo nimekwisha!" Siku moja nilisikia hatua kwenye majani makavu, nikaruka kwa kelele zangu zote. Hakuwa Baba. Alikuwa Memsabu.

Hakupiga yowe. Afadhali angepiga. Alirudi nyuma hatua moja, uso ukawa mweupe kama chokaa, na mkono wake ukaingia ndani ya mkoba. Tukatazamana. Mkono ule ulikaa ndani ya mkoba muda ambao hadi leo siwezi kuupima. Mimi nilijikojolea pale niliposimama. Kisha mkono ukatoka, mtupu, bangili zikilia.

"Toto mbaya," akasema kwa sauti ndogo. "Toto mbaya sana."

Akaondoka. Nikaosha gauni langu kwenye bomba la nje, nikalivaa likiwa bichi, na sikumwambia mtu.

Kesho yake Mama akiwa ndani anafua, Memsabu alimwita Baba. "Mimi nataka hii mahindi nakatwa leo. Yote." Baba alijaribu kumwambia yamebakiza wiki chache tu. Memsabu akasema tena, "Yote," na akasimama pale kuhakikisha. Hapakuwa na mtunza bustani tena, kwa hiyo Baba ndiye aliyeyakata, panga mkononi, aproni nyeupe ya jikoni bado kiunoni. Mimi nilikaa kizingitini nikiona mabua yanalala, na ile harufu ikajaa chumbani mpaka kwenye blanketi.

Mama alitoka na kapu la nguo kichwani. Akasimama. Hapakuwa na hindi hata moja lililokomaa vya kutosha kuwa mbegu, na alijua hilo kwa kutazama tu. Akamwangalia Baba, Baba akaangalia chini. Kisha Mama akapita juu ya mabua, akaanika nguo za Memsabu moja baada ya nyingine, akazinyoosha pindo, akazibana.

"Roda," Baba akasema.

"Nimeona," akajibu. "Uliamriwa. Weka panga, ule."

Watu huchanganya hasira na kinyongo. Hasira nimeiona: huvunja sahani, na kesho yake inanunua nyingine. Kinyongo huziosha sahani, huzipangusa, huzipanga kwa ukubwa wake. Wiki zile Mama alifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Shuka za Memsabu ziliweza kusimama zenyewe. "Jambo, Memsabu," kila asubuhi, kwa sauti laini. "Ndiyo, Memsabu." Na Memsabu, masikini, alimwambia Baba kwamba sasa ndipo anapata mfuaji mzuri. Lakini Mama aliacha kuimba, na usiku nilimsikia akipumua kama mtu aliyebeba maji mlimani.

Mimi nilidhani nimeponea. Hiki ndicho kitu ninachokiona aibu zaidi. Nilimwona Mama akimchukia Memsabu, nikafurahi, kwa sababu chuki ile ilikuwa na mahali pa kukaa na mahali hapo hapakuwa mimi. Nikaanza na mimi kumchukia Memsabu, kwa bidii, nikinuna akipita, mpaka nikakaribia kuamini kwamba aliamka tu siku moja akakata mahindi ya watu.

Mtakumbuka ushirika wa waliookoka siku zile. Sisi tulikutana Alhamisi mchana, siku ya watumishi kupumzika, katika chumba cha ndugu mmoja nyuma ya nyumba za Woodley. Tulitembea na miguu, barua za ruhusa zimekunjwa kifuani, Baba akizionyesha kila tuliposimamishwa. Ndani mlikuwa na watu kumi na tano kwenye vitanda na magunia. Na kanuni yetu mnaijua: dhambi haifichwi. Unaisema mbele ya ndugu, na kama ni juu ya mtu, unamwendea mtu huyo mwenyewe, unamwambia kwa kinywa chako, "Nilikuwa na neno moyoni juu yako. Nisamehe." Hata kama hakuwa anajua. Hata kama yeye ndiye aliyekukosea.

Alhamisi ya nne baada ya mahindi kukatwa, Mama Naomi, mjane kutoka Ukambani aliyekuwa kama mama wa sote, alikatiza wimbo katikati.

"Dada Roda. Nakutazama tangu mwezi uanze. Mdomo unafunguka, sauti haitoki. Umemeza nini?"

Watu wakacheka kidogo. Mama hakucheka.

"Mahindi," akasema.

"Mahindi mabichi au ya kuchoma?" akauliza ndugu mmoja, na kicheko kikaongezeka. Mama Naomi akainua mkono, kikazima.

Ndipo Mama akasema yote. Akasimulia mbegu ya mama yake na panga. "Nikinyoosha nguo za Memsabu natamani ziungue," akasema. "Juzi nimeona nyoka mdogo karibu na ngazi yake. Nimenyamaza. Nimekwenda zangu. Baadaye nikarudi na fimbo, lakini kwanza nilikwenda zangu."

Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nimeshika upindo wa nguo yake.

"Umemwambia Yesu," Mama Naomi akasema. "Bado kumwambia yeye."

"Ndugu, ngojeni," Baba akasema akisimama. Baba hakuwa mtu wa kubishana ushirikani. "Ngojeni kidogo. Huyu si jirani wa Maragoli. Mnajua siku hizi tunaishi vipi."

"Tunajua, ndugu Zablon," Mama Naomi akasema. "Lakini msalaba hauna mlango wa nyuma."

Njia nzima kurudi Karen Baba aliongea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Yule mzee wa bustani, alikuwa amesema nini walipomchukua? Hakusema kitu! Hata neno moja! Wewe unataka kwenda kusimama mbele ya mtu mwenye bastola umwambie unamchukia?"

"Nitamwambia nilimchukia. Na kwamba nimeacha."

"Atasikia la kwanza tu, Roda. La pili halitafika."

"Basi niache na hili linaloniua?"

Tukafika ukingo wa msitu, ambapo barabara hupita kati ya miti, na hakuna aliyesema tena mpaka nyumbani. Mimi nilikuwa na hofu yangu mwenyewe, kubwa kuliko ya Baba. Baba aliogopa kitu ambacho Memsabu angefanya. Mimi niliogopa kitu alichokuwa anakijua.

Asubuhi Mama alioga, akavaa nguo yake ya Jumapili, akatafuta kitambaa chake cha kichwa, cheupe chenye maua ya bluu pembeni. Hangeweza kwenda mbele ya mtu kutubu akiwa kichwa wazi. Alifungua sanduku, akainua godoro, akatazama nyuma ya mlango. Nami nilikuwa nimekaa kitandani, nimekunja mikono, namtazama akitafuta. Nilikiiba alfajiri. Nilikisokomeza ndani kabisa ya rundo la mabua yaliyokatwa, nyuma ya choo, mpaka mkono ukafika begani. Kwa akili yangu ya miaka tisa, bila kitambaa hapangekuwa na toba.

"Hujakiona kitambaa changu?"

"La, Mama."

Alisimama kidogo, akashika nywele zake zilizosukwa mistari. "Basi anione nilivyo," akasema. Akatoka. Nikamfuata mbio, nikamshika mkono nikiuvuta nyuma, naye, akidhani namhurumia, akaushika wangu kwa nguvu na kwenda nami.

Memsabu alikuwa kwenye baraza, chai mezani, mkoba pembeni ya kikombe. Alimtazama Mama juu hadi chini, nguo ya Jumapili siku ya Ijumaa, kichwa wazi.

"Nini?"

"Memsabu, nimekuja kutubu."

"Wewe naiba?"

"Sikuiba, Memsabu. Nilikuwa na kinyongo na wewe. Tangu mahindi yakatwe nimekuchukia moyoni. Nilitamani mabaya yakupate. Yesu amenionyesha kwamba ni dhambi. Naomba unisamehe."

Kikombe kilirudi kwenye sahani yake polepole. "Wewe nachukia mimi."

"Nilikuchukia, Memsabu. Nimekuja kuiweka chuki hiyo chini."

"Mpishi!" Memsabu akaita, na sauti ikapanda. "Mpishi!"

Baba alitoka na unga mikononi. Alituona, akasimama pale mlangoni. Mkono wa Memsabu ulikuwa juu ya mkoba.

"Huyu nasema nachukia mimi. Nafua nguo yangu, nasema jambo, jambo, na moyoni nachukia. Na wewe? Wewe napika chakula yangu. Wewe pia?"

Nzi alitua kwenye jemu, nikamtazama yule nzi. Nilijua, kama watoto wanavyojua, kwamba neno litakalofuata ndilo litakalotupandisha kwenye lori au kutuacha.

"Jibu mimi!"

"Memsabu," Baba akasema, "mke wangu ameokoka. Watu waliookoka wanasema ubaya wao ukiwa umekwisha. Ungekuwa bado uko, asingekuja."

"Na wale hawasemi?"

"Hao ndio wengi, Memsabu."

Sijui alipata wapi ujasiri ule. Baadaye alisema haukuwa ujasiri, ni kwamba alikosa uongo. Memsabu alimtazama, kisha akamtazama Mama, na ghafla macho yake yakashuka, yakanikuta mimi nyuma ya nguo ya Mama. Akanyoosha kidole.

"Mimi nakata mahindi kwa sababu ya hiyo. Toto yako. Nakaa ndani ya mahindi, naruka, napiga kelele. Mimi karibu…" Hakumaliza. Aligusa mkoba. "Karibu. Unajua? Mimi silali tatu siku. Uliza yeye."

Mama aligeuka. Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wake. Hakuniuliza. Aliniona usoni, akasoma kila kitu, na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja mpaka mkono wangu ukabaki hewani.

"Sikujua, Memsabu," akasema. "Asante kwa kuniambia."

Memsabu hakusema amemsamehe. Alisema ataongea na bwana wake. Siku mbili tulisubiri, blanketi zimefungwa tayari, Baba akipika na kusikiliza kila gari linalopita. Jumapili bwana alikuja mpaka mlangoni petu, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akasema Mama asiingie tena ndani ya nyumba. Afue nje, Baba aingize kapu. Ikawa hivyo. Hatukupelekwa popote, nami namshukuru Mungu, maana najua waliopelekwa kwa neno dogo kuliko hilo. Miezi mingi baadaye Memsabu, akikoroga supu yake mezani, alimuuliza Baba, "Yule mama bado nachukia?" Baba akamjibu, "Aliacha siku ileile aliyokuambia, Memsabu." Akaitikia kwa kichwa, kisha akaomba chumvi.

Lakini sijafika mwisho, kwa sababu ile chuki iliyotoka pale barazani haikupotea. Ilihama.

Mama hakunichapa. Nilisubiri kuchapwa, ningeshukuru. Hakunikaripia wala hakunisema kwa Baba. Alinipa ugali wangu, kipimo kilekile, na mboga juu. Alinisuka. Alipiga pasi gauni langu la shule, na siku nilipolivaa nikaona mikunjo yake imenyooka kama imekatwa kwa kisu, kola imesimama yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa, nikakaa kitandani nikalia. Niliijua pasi ile. Nilikuwa nimeiona wiki nne kwenye shuka za Memsabu. "Umeamka?" alikuwa akiniuliza kwa upole. "Ndiyo, Mama." Jina langu hakulitaja.

Alhamisi zikapita. Alikwenda ushirikani, akarudi, hakuimba. Mwezi ukaisha hivyo. Nilianza kusikia wakinong'ona na Baba kuhusu shangazi, na shule ya nyumbani, nikajua nitarudishwa Maragoli.

Kisha Alhamisi moja, nikiwa nimechuchumaa penye bomba nikisugua sufuria kwa jivu, niliona miguu yake mbele yangu. Sikuinua macho. Nilifikiri: ni leo, amekuja kuniambia nifunge nguo.

"Dorika," akasema.

Nikaacha kusugua. Na mama yangu, mtu mzima, akapiga magoti pale kwenye tope la jivu, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Nimekuwa na kinyongo na wewe, mwanangu. Si cha mahindi. Wewe ni mtoto, watoto hucheza. Ni kwamba uliniona nikimchukia mtu kwa jambo ambalo sikulijua lote, ukaniacha. Ukakaa miguuni pangu ushirikani, ukaniacha. Nimekupikia, nimekufulia, na moyoni nimekusukuma mbali. Kwa Memsabu ilikuwa rahisi. Yeye si wangu. Kwako nimeshindwa mwezi mzima. Nisamehe."

Leo nimekuwa mtu mzima, nimesikia mahubiri mengi, na najua mengine. Najua hofu ya Memsabu haikuzaliwa na mimi; ilikuwa imelala ndani ya mkoba ule kabla sijaruka. Najua Mama alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kijishamba cha mahindi kilihitaji kuitikiwa kwa kichwa na mtu mwingine. Wengine watasema alitubu kwa mtu ambaye alipaswa kumtubia yeye. Sibishani nao. Lakini sijawahi kuona kitu kama yale magoti kwenye jivu, na kila ninapotaka kumnyooshea mtu nguo kwa chuki, nayaona.

Wakati ule sikujua chochote. Sikumwambia nimekusamehe. Sikujua kwamba mtoto anaweza kumsamehe mama yake. Nilidhani neno hilo hushuka tu, halipandi. Nilisimama, mikono imejaa masizi, nikakimbia mpaka nyuma ya choo. Mabua yalikuwa yameoza kwa mvua. Nikaingiza mkono mpaka begani, nikatafuta, nikavuta. Kitambaa kilitoka cha kijani, kina madoa, maua ya bluu hayaonekani. Nikamletea, nikampa kwa mikono miwili.

Alikitazama. Alinitazama. Niliona anaelewa, na nikaogopa kwamba yote yataanza upya.

"Ulikificha wewe?"

"Ndiyo, Mama. Ili usiende."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanganyika na makamasi, na Baba akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Kisha akakikamua kile kitambaa, akakikung'uta, akajifunga kichwani vilevile kilivyo, na kunishika mkono wenye masizi. Alikuwa na kingine kisafi sandukuni, alichokinunua baadaye. Hakukichukua.

Tulikwenda Woodley kwa miguu. Kabla hatujafika kwenye miti alianza kuimba, chini kwa chini kwanza, kisha kwa sauti yote, na watu waliopita walimgeukia yule mwanamke mwenye kitambaa kichafu. Mimi nilitembea karibu naye, kwapani pake, na njia nzima nilinusa mahindi.